Wanaosema treni ya Einstein ni suala la "kuchelewa kuona" tu, karibuni hapa

MshaleMrefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kule kwenye uzi wa mapacha, yule mmoja aliyesafiri na chombo akarudi bado kijana, watu wamebishana kurasa na kurasa. Huyu anasema saa iliyo kwenye mwendo hutembea polepole. Yule anamjibu kwamba kwa aliye chomboni Dunia ndiyo yenye mwendo, basi saa ya Dunia ndiyo ya polepole. Wanarudi mwanzo. Wote wawili wako sahihi, na wote wameruka hatua moja. Hatua hiyo ndiyo nataka tuimalize hapa: matukio mawili yakitokea mbalimbali, nani anaamua kwamba yametokea kwa wakati mmoja?

Einstein mwenyewe alianzia hapo. Makala yake ya 1905 aliiandika akiwa mkaguzi kwenye ofisi ya hataza mjini Bern. Sehemu ya kwanza, kabla ya saa kupunguza mwendo wala rula kufupika, inauliza mtu ana maana gani akisema treni inafika hapa saa moja. Jibu lake: mshale mdogo wa saa yangu kufika kwenye 7 na treni kufika stesheni ni matukio ya wakati mmoja. Hapo hakuna ugomvi, kwa sababu saa na treni viko mahali pamoja. Ugomvi unaanza tukio likiwa mbali na saa.

Mfano wa treni na radi aliuleta miaka kadhaa baadaye alipoandikia wasomaji wa kawaida. Nitautumia huo huo ila nitauwekea namba, maana bila namba kila mtu anabaki na hisia zake.

Mwanga unakwenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Tuuchukulie mita 300 kwa kila mikrosekunde (sehemu moja ya milioni ya sekunde), inatosha. Treni yetu, kwa waliomo ndani, ina urefu wa mita 300. Inakimbia kwa 0.6 ya kasi ya mwanga, yaani mita 180 kwa mikrosekunde (hii si ya kwenda Morogoro). Kwa kasi hiyo kigawo cha uhusianifu (nadharia hii ya Einstein), kinachosema saa inapungua mwendo na urefu unafupika mara ngapi, ni 1.25, kwa hiyo aliyesimama jukwaani anaipima na kupata mita 240.

Radi mbili zinapiga, moja kichwani na moja mkiani. Kila moja inaunguza treni na reli pale pale ilipopiga. Asha yuko kando ya reli, katikati kabisa ya alama mbili zilizobaki chini. Miali inamfikia kwa pamoja. Umbali sawa, kasi sawa, basi kwake radi zimepiga kwa wakati mmoja.

Juma yuko ndani, katikati ya treni. Tumfuate kwanza kwa hesabu ya Asha. Radi zinapopiga, Juma yuko mita 120 kutoka kila alama. Mwanga wa mbele na Juma wanaendeana: mita 120 zinaliwa kwa 300 + 180, wanakutana baada ya mikrosekunde 0.25. Mwanga wa nyuma unamfukuza: mita 120 kwa 300 − 180, unamkuta baada ya mikrosekunde 1. Kwa hiyo Juma anaona mwali wa mbele kwanza, na hilo kila mtu analikubali, maana miali yote miwili inafika mahali pamoja, kwenye macho ya Juma. Kwa Asha tofauti ni 0.75. Saa ya mkononi ya Juma, ambayo kwa Asha inatembea polepole mara 1.25, imehesabu 0.6.

Sasa Juma aifanyie nini hiyo 0.6? Anageuka na futi kamba yake: alama ya kichwani iko mita 150 mbele yake, ya mkiani mita 150 nyuma yake. Kasi ya mwanga ndani ya behewa lake ni ile ile, mita 300 kwa mikrosekunde, mbele na nyuma. Mita sawa, kasi sawa, muda wa safari sawa. Basi uliofika kwanza ndio uliotoka kwanza. Kwa Juma, radi ya mbele ilipiga mikrosekunde 0.6 kabla ya ile ya nyuma.

Hakuna aliyekosea kupima. Karibuni.

kijana_wa_Buza

Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu wakija mniamshe.

Fundi Redio

Mkuu hapa unatupeleka chaka. Chukua ngoma mbili, moja mbele yangu na moja nyuma, mimi niko kwenye bodaboda naelekea ya mbele. Zikipigwa pamoja nitaisikia ya mbele kwanza. Nitasema ilipigwa kwanza? Hapana, nitasema sauti ya nyuma imechelewa kunikuta kwa sababu naikimbia. Juma naye aseme hivyo hivyo, mambo yaishe. Ni kuchelewa kuona tu.

MshaleMrefu

Fundi, huu ndio mfano niliokuwa nausubiri, kwa sababu unaonyesha hasa pale mwanga unapoachana na sauti.

Wewe kwenye boda unapigwa na upepo usoni. Ukipima sauti inayotoka mbele utaona inakupita kwa mita 340 na kasi ya boda juu yake, ya nyuma inakupita kwa 340 kasoro kasi ya boda. Una haki ya kufanya marekebisho, kwa sababu hewa imetulia na wewe ndiye unayeipasua. Ukirekebisha, unapata jibu lile lile la aliyesimama.

Juma hana upepo wa kupima. Michelson na Morley mwaka 1887, kule Cleveland, waliutafuta upepo wa namna hiyo kwenye mwanga. Dunia inazunguka Jua kwa kilometa 30 kwa sekunde, kwa hiyo kama mwanga unasafiri ndani ya kitu fulani kilichotulia angani, mwendo huo ungejionyesha kwenye chombo chao. Haukujionyesha. Ndani ya treni, ndani ya maabara, ndani ya Dunia inayokimbia, kasi ni moja. Juma akisema "mwali wa nyuma umechelewa kwa sababu nauacha", atakuwa anatumia kasi ya mwanga ya Asha. Kwa nini atumie ya Asha wakati ya kwake ipo?

Na kuchelewa kuona tayari tumekutoa. Ile 0.6 ni baada ya kila mtu kuondoa muda wa safari ya mwanga kwenye hesabu yake.

Bint Hesabu

Naongeza njia ya mkato kwa wasiopenda kufukuzana na miali. Urefu wa treni kwa wenye treni, zidisha kwa kasi ya treni, gawa kwa mraba wa kasi ya mwanga: 300 × 180 ÷ (300 × 300) = 0.6. Ndiyo ile ile.

Maana yake, kama Juma na wenzake wamezipatanisha saa zao zote ndani ya treni, Asha akiziangalia kwa pamoja ataona saa ya kichwani iko nyuma ya saa ya mkiani kwa mikrosekunde 0.6. Saa inayotangulia kwenye safari ndiyo inayosoma pungufu. Ukishika hilo, mafumbo mengi ya uhusianifu yanalainika. Nashangaa vitabu vinaanza na saa kutembea polepole na rula kufupika halafu hili linawekwa mwishoni kama kachumbari.

Mtu wa Maswali

Asanteni, nimefuata mpaka hapo. Ila nina swali la treni kufupika. Tuseme kuna handaki la mita 240 lenye geti kila upande. Kwa Asha treni ni mita 240, inaenea ndani, mageti yote yanafungwa kwa kufumba na kufumbua na kufunguliwa, hakuna kinachoguswa. Lakini kwa Juma treni ni mita 300 na handaki ndilo linalomjia, kwa hiyo ndilo lililofupika: 240 ÷ 1.25 = mita 192. Treni ya 300 inaeneaje kwenye handaki la 192 huku mageti yamefungwa? Lazima geti moja liipige.

MshaleMrefu

Ukisema "huku mageti yamefungwa" umeshaingiza wakati wa Asha kwenye treni ya Juma bila kuomba ruhusa.

Weka radi mbili za mwanzo mahali pa mageti mawili, namba ni zile zile. Kwa Juma geti la kutokea linafungwa na kufunguka kwanza, pale tu kichwa kinapolifikia. Wakati huo geti la kuingilia liko mita 192 nyuma ya kichwa, kwa hiyo mita 108 za treni bado zimening'inia nje. Handaki linaendelea kumjia kwa mita 180 kila mikrosekunde. Baada ya 0.6 limesogea mita 180 × 0.6 = 108. Mkia unaingia, na geti la kuingilia linafungwa na kufunguka wakati huo huo. Kichwa kimeshatoka zamani. Hakuna kilichoguswa, kwa Asha wala kwa Juma. Kwa Juma treni haikuwahi kuenea, na haikuhitaji kuenea.

Fundi Redio

Sawa. Na geti la mbele likifungwa moja kwa moja, lisifunguke?

Bint Hesabu

Hapo treni inagonga, hakuna muujiza. Kinachovutia ni mkia. Kwa Juma kichwa kimegonga wakati mkia bado uko mita 108 nje. Habari ya kugonga haiwezi kufika mkiani kwa kasi kupita mwanga: mita 300 ni mikrosekunde 1 kwa uchache. Lakini geti la kuingilia linaufikia mkia baada ya 0.6. Kwa hiyo mkia unaingia handakini kabla haujajua kama mbele kumeharibika, na geti la nyuma linafungwa nyuma yake. Treni nzima imo ndani ya mita 192 ikiwa inajikunja kama chapati. Wote wawili wanakubaliana kwamba ilinaswa ndani. Chuma kigumu kisichojikunja hata kidogo hakipo kwenye nadharia hii, hilo vitabu vya mekanika havipendi kulisema.

kijana_wa_Buza

Nimeamka. Mbona sasa inatisha? Kama mpangilio wa matukio unageuka kwa kila mtu na mwendo wake, kuna mtu anaweza kuona mtoto kazaliwa kabla ya baba yake?

MshaleMrefu

Hapana, na sababu yake si "busara", ni umbali. Mpangilio unaweza kugeuka tu kwa matukio ambayo mwanga usingewahi kutoka kwenye moja hadi kwenye jingine. Radi zetu ziko mita 240 kwa Asha na muda kati yake ni sifuri. Mwanga ulihitaji 0.8, haukuwahi, basi kila mtu ana uhuru wa kuzipanga kwa mwendo wake.

Baba akizaliwa Tanga na mtoto akazaliwa miaka 25 baadaye, ili mtu apindue mpangilio huo ingebidi mtoto azaliwe zaidi ya miakanuru 25 kutoka Tanga (mwakanuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja). Yaani baba awe ameushinda mwanga kwa mbio. Chochote kinachoweza kusababisha kingine hubaki kimetangulia kwa watazamaji wote. Mpaka huo ndio mwanahisabati Minkowski aliouchora mwaka 1908, koni mbili zilizogusana ncha. Kilicho ndani ya koni hakipinduki. Kilicho nje ndicho tunachogombania.

Mtu wa Maswali

Tukiwa hapo, rudi kwa mapacha basi. Ndio uliotuletea haya yote.

MshaleMrefu

Kasi ile ile, 0.6. Nyota iko miakanuru 6 kutoka hapa. Kwa aliyebaki Duniani safari ni miaka 10 kwenda, 10 kurudi. Msafiri anazeeka 8 na 8, jumla 16. Anayebisha anauliza: kwa msafiri Dunia ndiyo yenye mwendo, kwa miaka yake 8 ya kwenda Dunia imezeeka 6.4 tu, kurudi 6.4, jumla 12.8. Mbona anakuta ndugu yake kazeeka 20?

Anachoacha ni pale kwenye nyota. Msafiri anapogeuza chombo anahama fremu (yaani mwendo anaouhesabu kuwa ndio kutulia), na kuhama fremu ni kubadili "sasa hivi" ya Duniani. Tumia njia ya Bint Hesabu mara mbili, maana mwendo umegeuka kabisa: 2 × 0.6 × 6 = miaka 7.2. Jumlisha 6.4 + 7.2 + 6.4. Ni 20. Hiyo 7.2 hakuna aliyeiona ikipita wala saa ya Duniani haikuruka. Kilichohama ni mstari wa msafiri wa kusema "wakati huu huu kule nyumbani".

Kurasa zote za ule uzi zimo kwenye 7.2.

Nanyuki254

Ndugu zangu Watanzania, hesabu tamu, lakini yote ni treni za kufikirika. Kuna mtu amewahi kulipima hili jambo kwa saa za kweli? Si saa kutembea polepole, hilo najua walizungusha saa za atomu kwa ndege 1971. Nauliza hili la wakati mmoja.

Bint Hesabu

Ndugu wa Nanyuki, umekaa juu ya jibu. Hapo Ikweta ardhi yako inakwenda mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde. Wewe ndiye Juma.

Chukua Mbandaka kule Kongo, nayo iko karibu kabisa na Ikweta, upande wa magharibi wako. Kati yenu kuna kama kilometa 2,090. Patanisheni saa zenu kwa miali ya mwanga mkijifanya mmetulia. Kwa mtu anayetumia fremu isiyozunguka na Dunia, na mfumo wa GPS ndiyo unayoitumia, saa yako itakuwa nyuma ya ya Mbandaka kwa 465 × 2,090,000 ÷ mraba wa kasi ya mwanga: nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 10.8 hivi. Dogo? Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Usiporekebisha umeshapotea zaidi ya mita 3.

Sasa endelea mashariki, kituo kwa kituo, kila kimoja kinapatanisha saa na jirani yake, mpaka muizunguke Dunia yote. Ukirudi Nanyuki, saa ya mwisho na ya kwanza ziko meza moja na hazikubaliani. Tofauti ni nanosekunde 207. Wataalamu wa saa huita jambo hili Sagnac, yule Mfaransa aliyelionyesha kwa meza inayozunguka mwaka 1913. Na limepimwa kuizunguka Dunia: matokeo yaliyochapishwa 1985 yalilinganisha saa za atomu za Boulder (Marekani), Braunschweig (Ujerumani) na Tokyo kwa kutumia satelaiti za GPS. Sahihisho la Sagnac lilikuwa kati ya nanosekunde 240 na 350 kutegemea satelaiti zilipokuwa, na nadharia na vipimo vikaachana kwa nanosekunde 5 hivi.

Maabara zinazotunza saa ya dunia nzima huliweka sahihisho hili kila zinapolinganisha saa. Si falsafa tena, ni karatasi ya kazi.

Msomaji Kimya

Nimesoma yote, naomba nichokoze. Mleta uzi ameandika kwamba kasi ya mwanga behewani ni "ile ile mbele na nyuma" akapita haraka. Nani amepima kwenda bila kurudi? Ukitaka kupima mwanga wa kwenda tu unahitaji saa mbili zilizopatanishwa, na kuzipatanisha umetumia mwanga ukidhani unakwenda sawa pande zote. Ni mduara. Einstein mwenyewe mwaka 1905 alisema anaiweka kwa fasili, yaani kwa kuamua maana yake, hakusema ameigundua. Mwanahisabati Poincaré alishaliuliza swali hili 1898, na mwanafalsafa Reichenbach 1928 akaonyesha unaweza kugawa muda wa kwenda na kurudi visivyo sawa na hakuna kipimo kitakachokukataza. Basi Asha na Juma wanagombania makubaliano, si ulimwengu.

MshaleMrefu

Hoja nzito kuliko zote hapa, na nusu yake naikubali bila masharti. Kilichopimwa bila mduara ni kwenda na kurudi. Kugawa nusu kwa nusu ni uamuzi.

Nusu ya pili siikubali. Kwanza, uamuzi huo si wa kuokota: ukibeba saa ya atomu polepole sana kutoka mkiani hadi kichwani, inakubaliana na mgawo wa nusu kwa nusu, na mwanga haukuhusika kuibeba. Pili, majirani wakipatanisha saa kwa nusu kwa nusu, zile 207 za Bint Hesabu haziondoki, maana mwishoni unalinganisha saa mbili zilizo meza moja. Kama mgawo huo ungetoa "wakati mmoja" ulio mmoja kwa vituo vyote, ule mduara ungefunga. Haufungi.

Mwanafizikia Lorentz mwaka 1895 alikuwa na fomula hii hii ya saa ya mbele kusoma pungufu. Aliiita wakati wa mahali, akaiona kama ujanja wa hesabu tu. Kwa hiyo uko kwenye kampuni nzuri.

Msomaji Kimya

Kampuni iliyoshindwa. Lakini ngoja: mduara kutofunga ni habari ya kuzunguka. Treni ya Juma inakwenda moja kwa moja.

MshaleMrefu

Ni kweli, na kwenye mstari ulionyooka peke yake bado unaweza kushikilia kwamba Asha ndiye mwenye wakati wa kweli na Juma amedanganywa na mwanga. Hakuna kipimo kitakachokupiga. Ila hakuna pia kipimo kitakachokuambia ni Asha na si Juma. Mimi kitu nisichoweza kukionyesha hata kwa kanuni sikibebi.

Mtu wa Maswali

La mwisho. Haya yote yanahitaji kasi ya ajabu au nanosekunde. Kwa sisi watembea kwa miguu hakuna kitu, sivyo?

Bint Hesabu

Kuna kitu kikubwa, ukiwa na umbali. Saa kutembea polepole kunategemea mraba wa kasi, kwa hiyo ukitembea mita 1 kwa sekunde kwa miaka 80 bila kupumzika utaokoa nanosekunde 14 hivi. Lakini kuhama kwa "sasa hivi" kunategemea kasi yenyewe mara umbali. Galaksi ya Andromeda iko miakanuru milioni 2.5. Ukinyanyuka na kutembea kuielekea kwa mwendo huo wa kawaida, "sasa hivi" yako kule inasogea mbele siku 3. Anayepishana nawe akienda upande wa pili, yake imerudi nyuma siku 3. Mmepishana njiani mkasalimiana, na mnatofautiana siku 6 kuhusu kinachoendelea Andromeda wakati huu.

kijana_wa_Buza

Na kinachoendelea huko tutakiona lini?

Bint Hesabu

Baada ya miaka milioni 2.5, na mtakiona pamoja. Kubishana mnaweza kuanza leo.